Pasaka Bila Majira ya Machipuko: Mila za Familia za Wapolandi na Kambi ya Nyabyeya, Uganda

Utangulizi

Kwa sisi tunaoishi karibu na ikweta, Pasaka ni sikukuu ya mvua. Huangukia kati ya tarehe 22 Machi na 25 Aprili, wakati ambao watu wa pwani huuita masika, na kwetu Uganda ni wakati wa jembe, mahindi na maharage. Darasani tunapojifunza Kiswahili tunakutana na maneno "majira ya machipuko", tunayakariri kama jina la kitu kilicho mbali: miezi ambayo theluji huyeyuka, mto ulioganda huanza kutiririka tena, na mti uliodhaniwa umekufa hutoa majani. Mila nyingi za Pasaka za Ulaya zimefungamana na miezi hiyo. Swali ninalotaka kulijibu katika insha hii ni hili: mila hizo huwaje pale watu wake wanapohamishiwa mahali ambapo majira hayo hayapo kabisa?

Swali hili lina mfano halisi katika historia yetu. Kuanzia mwaka 1942 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950, maelfu ya wakimbizi wa Kipolandi waliishi katika kambi za Afrika ya Mashariki na ya Kati. Kubwa kuliko zote ilikuwa Tengeru, karibu na Arusha, iliyokuwa na watu wapatao 5,000. Uganda ilikuwa na kambi mbili: Koja, kando ya Ziwa Viktoria, na Nyabyeya katika eneo la Masindi, ukingoni mwa msitu wa Budongo. Mimi ni mzaliwa wa Masindi. Kanisa ambalo Wapolandi walilijenga Nyabyeya tunalijua, na wapo majirani zetu wanaosali humo hadi leo. Lakini kanisa ni jengo. Nilichotaka kukifahamu ni kile kilichofanyika majumbani, kwenye meza na jikoni, ambacho vitabu hukipita haraka.

Hoja yangu ni kwamba mila ya familia hudumu kwa kubadilisha vifaa vyake huku ikiilinda kazi yake. Wanaoifanya kazi hiyo ya kubadilisha ni watu wa nyumbani, hasa akina mama, ambao mara nyingi historia iliyoandikwa huwataja kwa idadi tu.

Mila za majira ya machipuko nchini Polandi

Nianze na Marzanna. Hili ni jina la sanamu ya mabua iliyovishwa nguo za kike, ambayo ilisimama badala ya majira ya baridi na kifo. Katika Jumapili ya nne ya Kwaresima vijana waliibeba kijijini, kisha wakaichoma moto au kuitosa mtoni. Safari ya kurudi nyumbani ilikuwa na masharti yake. Mtu asigeuke kutazama nyuma, na asijikwae, kwa kuwa aliyejikwaa alihofiwa kupatwa na ugonjwa au kifo mwaka huohuo. Mwaka 1420 sinodi ya Poznań ilikataza jambo hilo. Katazo halikufua dafu. Siku hizi watoto wa shule humtosa Marzanna tarehe 21 Machi, na wengi wao hufurahia kutoka darasani kuliko wanavyoogopa kifo.

Mila ya pili ni ya Jumapili ya Matawi. Polandi haina mitende. Badala yake watu walichukua matawi ya mwerebi, ambao huwahi kuchipua kabla ya miti mingi mingine. Vichipukizi vyake vina manyoya laini ya kijivu, na Wapolandi huviita "vipaka". Matawi hayo, yakifungwa pamoja na majani mabichi na maua yaliyokaushwa, huitwa mitende ingawa hayana hata ukuti mmoja wa mtende. Yakishabarikiwa kanisani yalikuwa na kazi nyingi nyumbani. Mtu alimeza kipaka kimoja ili koo lisimuume mwaka mzima. Tawi lilichomekwa nyuma ya picha takatifu ili kuikinga nyumba dhidi ya radi. Ng'ombe walipotolewa malishoni kwa mara ya kwanza baada ya baridi, waliguswa kwa tawi hilo mgongoni.

Mila ya tatu ni ya yai. Mayai huchorwa kwa nta kisha kutumbukizwa katika rangi. Palipo na nta rangi haiingii, na mchoro hubaki. Rangi ya zamani iliyokuwa rahisi kupatikana ilichemshwa kutoka katika maganda ya vitunguu. Jumamosi Kuu familia hupeleka kanisani kikapu chenye mayai, mkate, chumvi, nyama au soseji, na mara nyingi mwanakondoo aliyefinyangwa kwa siagi. Asubuhi ya Pasaka yai lililobarikiwa hukatwa vipande, kila mmoja akapewa chake huku wakitakiana heri, na ndipo watu hula. Maganda ya yai hilo hayakutupwa jalalani. Yalitawanywa bustanini au chini ya miti ya matunda.

Mwisho ni maji. Jumatatu ya Pasaka vijana huwamwagia maji wasichana, tena kwa ndoo. Msichana aliyelowa alilalamika, lakini aliyebaki mkavu ndiye aliyeona aibu, maana ilionekana hakuna anayemtaka. Katika baadhi ya vijiji vya kusini mwa nchi, mkulima alikwenda shambani alfajiri ya siku hiyohiyo akayanyunyizia mazao maji ya baraka kwa kutumia tawi lake la Jumapili ya Matawi.

Wapo wanaozieleza mila hizi kwa neno moja tu, upagani, kana kwamba Ukristo ulikuja ukazifunika kwa kitambaa. Mimi naona maelezo hayo ni mepesi mno. Mayai ya kale kuliko yote yaliyopambwa ambayo yamepatikana Polandi yalichimbuliwa huko Opole, nayo ni ya karne ya 10. Mtawala Mieszko wa Kwanza alibatizwa mwaka 966, katika karne hiyohiyo. Yai peke yake haliwezi kutuambia liliwekwa mezani na mwenye imani ipi. Tunachoweza kukiona waziwazi ni namna mila hizi zinavyofanya kazi, na hapo nataka kutaja mambo matatu.

Kwanza, mahali pake ni nyumbani. Padri hubariki kikapu, lakini hakipangi yeye. Pili, hufundishwa kwa masharti: usigeuke nyuma, usitupe maganda, usile kabla ya yai. Mtoto hapewi sababu, anapewa sharti, kama sisi tulivyolelewa kwa miiko. Tatu, kifaa chake kilikuwa badala tangu mwanzo. Watu waliosoma katika Injili habari za mitende ya Yerusalemu walitazama nje, wakaona theluji, wakakata mwerebi. Jambo hili la tatu ndilo litakalotusaidia kuelewa yaliyotokea baadaye.

Njia ya uhamishoni

Septemba 1939 Ujerumani iliivamia Polandi kutoka magharibi, na tarehe 17 ya mwezi huo Umoja wa Kisovieti ukaingia kutoka mashariki. Usiku wa tarehe 10 Februari 1940, katikati ya baridi kali, familia za mashariki mwa nchi zilianza kutolewa majumbani mwao na kupakiwa kwenye mabehewa ya mizigo. Mawimbi mengine matatu yalifuata hadi Juni 1941. Watu walipelekwa Siberia, Kazakhstan na kaskazini mwa Urusi. Pasaka ya mwaka 1940 ilikuwa tarehe 24 Machi, yaani wiki sita tu baada ya wimbi la kwanza. Familia zilizozoea kubeba kikapu kwenda kanisani zilijikuta katika nchi ambayo dini ilipigwa vita na serikali, na ambamo yai moja lilikuwa mali.

Baada ya Ujerumani kuushambulia Umoja wa Kisovieti mwaka 1941, serikali ya Polandi iliyokuwa uhamishoni ilifikia mapatano na Moscow, na Wapolandi wakaruhusiwa kuunda jeshi chini ya Jenerali Anders. Mwaka 1942 jeshi hilo lilitoka pamoja na maelfu ya raia, wakavuka Bahari ya Kaspi kutoka Krasnovodsk hadi bandari ya Pahlavi nchini Iran. Meli za kwanza zilifika mwishoni mwa Machi, na Pasaka ya mwaka huo ilikuwa tarehe 5 Aprili. Siku chache kabla, Wairani walikuwa wameadhimisha Nowruz, mwaka wao mpya, ambao huanza siku ya kwanza ya majira ya machipuko. Nao pia hupaka mayai rangi kwa sikukuu hiyo. Kwa hiyo watu waliotoka katika njaa ya Urusi waliingia katika nchi ya Kiislamu iliyokuwa imetoka tu kuweka mayai ya rangi mezani. Kwa wengi wao, yalikuwa pia majira ya machipuko ya mwisho kwa miaka mingi.

Wanaume wenye uwezo wa kupigana walibaki jeshini. Wanawake, watoto, yatima na wazee walitawanywa: India, Mexico, New Zealand, na wengi kuliko wote Afrika. Meli ziliwaleta hadi bandari za mwambao wetu, na reli ikawaingiza bara. Hivi ndivyo Nyabyeya ilivyopata, kuanzia mwishoni mwa mwaka 1942, mji mdogo wa Wapolandi zaidi ya 3,000, wengi wao wakiwa akina mama na watoto.

Pasaka ya Nyabyeya

Pasaka ya kwanza iliyowakuta Uganda ilikuwa ya tarehe 25 Aprili 1943. Kalenda haiwezi kuisogeza Pasaka mbele zaidi ya hapo. Kwao Polandi tarehe hiyo miti imeshavaa majani. Masindi miti haikuwahi kuyavua.

Tuzipime sasa zile mila nne. Marzanna hakuwa na kazi tena. Hakuna anayeweza kuyafukuza majira ya baridi mahali ambapo hayajawahi kufika. Mila ya kuwagusa ng'ombe kwa tawi nayo ilikosa siku yake, kwa kuwa hapa ng'ombe hulala nje ya theluji mwaka mzima. Mila zilizoegemea mto ulioganda na zizi lililofungwa ziliachwa na majira yenyewe, bila katazo la sinodi yoyote.

Jumapili ya Matawi ilikuwa tofauti. Mwerebi wenye vipaka haukuwepo, lakini mikindu ilikuwepo. Naona hapa pana jambo la kutafakari. Kwa karne nyingi Wapolandi walitumia mwerebi badala ya mtende, wakauita mtende. Sasa waliletwa katika nchi yenye jamii ya mitende, ambamo Mkatoliki wa kawaida hukata kuti na kwenda nalo kanisani bila kufikiri mara mbili. Kitu chenyewe kilikuwepo, badala yake ndiyo iliyokosekana. Na kwa mtoto aliyekulia Polandi, badala ile ndiyo iliyokuwa Pasaka. Katika Mambo ya Walawi, sura ya 23, miti hiyo miwili imetajwa pamoja katika amri moja ya sikukuu, lakini katika maisha ya watu hawa ilitenganishwa na bahari mbili na vita moja.

Yai, mkate na chumvi vilisafiri vizuri zaidi, kwa sababu hupatikana karibu kila mahali penye watu. Maji vilevile. Katika Aprili ya Masindi mvua humlowesha kila mtu bila kuuliza kama ni msichana au mvulana, lakini ndoo ya mvulana ina maana ambayo mvua haina.

Kati ya mwaka 1943 na 1945 wakimbizi walijenga kanisa la mawe na matofali, wakalikabidhi kwa Bikira Maria Malkia wa Polandi. Walikuwa na shule zao, skauti wao na ngoma zao za asili walizozicheza kwa mavazi ya kwao. Watoto walijifunza Kipolandi darasani na kuokota maneno ya Kiswahili nje ya darasa. Lakini nani angewafundisha kwamba maganda ya yai la Pasaka hayatupwi? Shule haina somo hilo. Baba, ambaye labda angeshika tawi la kunyunyizia shamba, alikuwa vitani, au alikuwa amekufa. Kazi yote iliangukia kwa mama, nyanya au dada mkubwa, katika nyumba ya udongo iliyoezekwa kwa nyasi. Kwa yatima, ambao walikuwa wengi, iliangukia kwa mlezi aliyekuwa na mila za kijiji kingine. Hapo ndipo mila za mikoa mbalimbali zilipoanza kuchanganyika.

Yaliyobaki katika familia za Masindi

Kuna upande wa pili wa historia hii ambao uko katika familia zetu sisi. Mama wa bibi yangu aliwauzia Wapolandi ndizi na mayai. Bibi alisimuliwa habari hizo akiwa mtoto, naye amenisimulia mimi. Anakumbuka mambo mawili. La kwanza, kwamba wanawake wale wa Kizungu walipika wenyewe, wakafua wenyewe na kulima bustani, jambo lililowashangaza watu waliomzoea Mzungu wa boma anayehudumiwa. La pili, kwamba kulikuwa na wiki moja kila mwaka ambapo walinunua mayai mengi kuliko kawaida, na waliyachagua: walitaka meupe, wakayaacha yenye rangi ya udongo. Mama wa bibi aliamini kwamba yai jeupe lina dawa ambayo Wazungu waliijua na kuificha.

Mwanahistoria lazima aupime ushahidi kama huu, maana umepita katika vinywa viwili kabla ya kunifikia. Mimi nauamini kwa sababu moja. Muuzaji hakujua mayai yale yalikwenda kufanywa nini, lakini yeyote aliyewahi kupaka yai rangi anajua kwamba ganda jeupe huonyesha rangi vizuri zaidi. Mtu hawezi kubuni jambo dogo linaloafiki kazi asiyoijua. Alichobuni ni sababu, yaani ile dawa. Na sababu hiyo imezaa tawi lake: nyumbani kwetu, asubuhi ya Pasaka, mtoto mdogo kuliko wote hupewa yai jeupe lililochemshwa kabla wengine hawajala. Sijaliona jambo hilo kwa majirani.

Jambo la pili linahitaji tahadhari. Bibi huweka jani lake la Jumapili ya Matawi juu ya mlango, na radi inapozidi huchoma kipande kidogo. Ni rahisi kusema kwamba aliwaiga Wapolandi. La hasha. Imani kwamba tawi lililobarikiwa hukinga nyumba dhidi ya radi ilienea katika nchi nyingi za Kikatoliki za Ulaya, na wamisionari wa kwanza Wakatoliki waliofika Uganda mwaka 1879 walitoka Ufaransa. Bibi na yule mama wa Kipolandi walifanana kwa sababu walinywa katika kisima kimoja kwa njia mbili tofauti. Nilipomwambia bibi kwamba jani halizuii radi, alinijibu kwa empaako yangu, jina la heshima tunalopewa na familia: "Akiiki, kitu ambacho hujui kazi yake, usiwe wa kwanza kukitupa."

Jibu hilo sio la kisayansi, na mimi sitamwambia mtu yeyote ategemee jani badala ya kukaa mbali na mti wakati wa radi. Lakini ni jibu zuri kwa mwanafunzi wa historia. Wenzetu wengi huita mambo haya ushirikina na kuona haya kuyauliza. Matokeo yake tunaandika tarehe za kujengwa kwa makanisa na kuwaacha wazee wafe na maelezo ya kile kilichofanyika baada ya watu kutoka kanisani.

Hitimisho

Vita vilipokwisha, mashariki mwa Polandi paliingizwa katika Umoja wa Kisovieti, na wengi wa wakimbizi hawakuwa na nyumba ya kurudia. Walikwenda Uingereza, Kanada na Australia. Waliofika Australia walikuta Pasaka inaangukia majira ambayo majani hupukutika, kinyume kabisa na kwao. Nyabyeya pakawa chuo cha misitu. Yamebaki kanisa na makaburi, kama yalivyobaki makaburi ya Tengeru.

Nimejaribu kuonyesha kwamba safari ile haikuwa mara ya kwanza kwa mila hizi kupoteza vifaa vyake. Mtende uligeuka mwerebi kabla haujakutana na mkindu. Marzanna aliyepona katazo la kanisa aliachwa na hali ya hewa, ilhali yai lilivuka mabara matatu kwa kuwa lilihitaji moto, rangi na mtu wa kukumbuka. Kinachoweza kuiua mila ni kukosekana kwa mtu huyo wa tatu.

Kwa hiyo nina pendekezo kwa wanafunzi wenzangu, hasa wa Masindi, Mukono na Arusha, ambako kambi hizi zilikuwa karibu na vijiji vyetu. Likizo ya Pasaka tukirudi nyumbani, tuwaulize wazee maswali matatu: kitu gani hufanywa siku hii katika familia yetu, nani alikufundisha, na ulionywa nini endapo ungekiacha? Tuandike jibu kama lilivyotamkwa, pamoja na jina la mti, rangi ya yai na saa ya siku, hata kama hatuelewi maana yake. Mama wa bibi yangu hakuelewa maana ya mayai meupe, na kama angeamua kusimulia yale tu aliyoyaelewa, insha hii isingekuwa na sehemu yake ya mwisho.